Pini Nne za Mashine ya Bibi Yako

Mwanangu Yustina,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na umesema utarudi baada ya chakula. Begi lako limeshafungwa, liko sebuleni karibu na mlango. Mimi nimekaa mezani, saa kumi na dakika chache jioni, mvua imeshafunika milima yote huko juu, huku kwetu bado kukavu.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kusali, wala kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha. Nakuandikia jambo moja ambalo ilinipasa kukuambia ulipokuwa na miaka kumi na moja. Nimeanza karatasi tatu nikazichana. Hii ya nne sitaichana hata ikiwa mbaya.

Barua ya chuo ilipokuja, wiki tatu zilizopita, tulikuwa tunakula. Nikakuuliza kwa nini, kati ya kozi zote, umechagua ufundi wa mashine za hospitali. Ukanijibu huku unamega ugali, "Ili asife mtu mwingine kama bibi, kwa sababu ya mtu asiyejua kuchomeka waya." Mama yako hukumtaja. Huwa humtaji. Mimi nikaguna tu, nikakusogezea bakuli la mboga, nikajifanya nimesikia jambo la kawaida.

Yustina, mama yako hakuiunguza mashine ya bibi. Niliiunguza mimi.

Nimeliandika mapema ili nisipate mahali pa kukimbilia. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, hatua kwa hatua. Wewe umeshakuwa fundi, kila hatua utaielewa, na hutanionea huruma pale nisipostahili.

Unakumbuka bibi alivyoteremka kutoka Matombo kuja kukaa kwetu. Kifua kilikuwa kimekwisha. Maisha yake yote alipikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, na daktari alipotuonyesha picha ya mapafu yake alisema ni moshi wa miaka yote hiyo. Ndipo parokia ikatupatia ile mashine ndogo ya oksijeni, imetoka kwa watu wa nje, imeshatumika, haina kitabu chake. Wewe uliiita paka wa bibi kwa sababu ilikuwa ikikoroma pembeni ya kitanda. Mama yako ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi, akiuosha ule mpira wa puani, akiangalia taa yake kila mara. Mimi nilikuwa nikiisifu kwa wageni.

Jumapili moja panya wakatafuna waya wa adapta yake, karibu kabisa na kile kichwa kinachoingia kwenye mashine. Nyaya zikagusana, adapta ikafa. Betri ya mashine ilikuwa imechoka, haikumaliza hata saa mbili. Bibi akabaki kukaa wima kwenye mito, anahema kama mtu aliyepandishwa mlima mbio, na mama yako yuko nyuma yake anamshikilia mabega.

Nilikikata kile kichwa nikakitia mfukoni, nikaenda nacho mjini. Kilikuwa na pini nne ndani ya pete ya chuma, na upande mmoja wa pete kuna kibonyeo ili kisiingie kinyume. Nilikuwa sijapata kukiona. Miaka ishirini na mbili nafungua redio, televisheni na simu za watu, na kile kitu nilikuwa sikijui. Wenye vibanda vya sokoni nao hawakukijua. Mmoja alisema ni cha kamera, mwingine akasema ni cha mashine ya kuchapa. Kila mmoja aliponiuliza mimi nakionaje, nilijibu, "Hiki nakifahamu, ila sina tu adapta yake."

Hapo ndipo ilipoanzia. Hakuna aliyenilazimisha kusema vile.

Jumatatu jioni mama yako akaniita nje, karibu na karo la kufulia, bibi asisikie. Akaniambia, "Baba Yustina, tumpeleke mama hospitali. Kule oksijeni ipo. Akae siku mbili tatu, wewe utafute adapta yake taratibu. Au twende parokia tuwaulize walioileta, wao wanajua kwa kuipata."

Nikamwambia, "Yaani mimi Prospa nimpeleke mama yangu hospitali kwa sababu ya plagi? Watu watasemaje?"

Akasema, "Watasema umempeleka mama yako hospitali."

Nikakasirika. Nilimwambia mambo ya umeme aniachie mimi. Akarudi ndani kumshikilia bibi. Alimshikilia siku tatu, Yustina. Wewe ulikuwa ukienda shule asubuhi unawaacha vile, ukirudi unawakuta vile. Mimi nilikuwa nikitafuta kichwa chenye pini nne, nikijiona ndiye ninayehangaika kuliko wote.

Jumatano asubuhi nikakipata. Kilikuwa kwenye adapta ya skrini ya zamani iliyotolewa katika duka moja lililofungwa. Pini nne, pete ileile, kibonyeo kilekile. Nikasoma maandishi ya mgongoni, volti ishirini na nne, sawasawa na zilizoandikwa kwenye mashine. Nikaja nayo nyumbani karibu nakimbia. Kabla ya kuichomeka ukutani nikaingiza kile kichwa kwenye mashine ili nione kama kitakubali. Kiliingia bila kusukumwa, kikalia kidogo kama kitasa kinachofungwa. Sijui nikueleze vipi furaha niliyoipata. Nilimtazama mama yako kama mtu aliyeshinda kesi.

Mita yangu ilikuwa dukani, kwenye droo. Mwendo wa robo saa kwenda, robo saa kurudi. Na dukani kulikuwa na mtu anaingojea televisheni yake.

Nikamwambia mama yako, "Mwache mama amalize uji, kisha chomeka. Mimi nawahi dukani."

Akaniuliza, "Umeipima?"

Nikamjibu, "Nimeipima."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Sikuupanga. Ulitoka kama mtu anavyoitikia hodi.

Saa nne na nusu simu ikalia. Nilisikia kikohozi cha bibi kabla ya sauti ya mama yako. Nilipofika, majirani walikuwa wameshamtoa bibi na godoro lake, wamemlaza kibarazani, na chumba kizima kinanuka plastiki iliyoungua. Mama yako alikuwa amechoma vidole viwili kwa kuung'oa ule waya. Safari hii nilikuwa na mita mkononi. Watu wanahangaika kutafuta gari la kumpeleka bibi hospitali, mimi nimepiga magoti chumbani napima.

Kwenye adapta ya zamani, ile ya panya, nilipoifungua na kuzifuata nyaya zake, chanya ilikuwa kwenye pini mbili za juu na hasi kwenye mbili za chini. Kwenye hii niliyoileta, chanya ilikuwa chini na hasi juu. Ndiyo hivyo tu. Kilichokuwa tofauti ni kitu kimoja, na ni kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Aliyeitengeneza skrini alipanga pini zake alivyotaka, aliyeitengeneza mashine akapanga alivyotaka, na wote wawili wakanunua kichwa cha aina moja. Kipimo cha nusu dakika kingenionyesha. Nilibaki pale sakafuni na zile ncha mbili za mita mikononi, na namba kwenye kioo ina alama ya kutoa mbele yake. Nilijua palepale, Yustina. Usije ukadhani nilikuja kujua baadaye.

Shangazi yako Veneranda akaingia. Unamjua dada yangu, haanzi na salamu kukiwa na jambo. Akauliza, "Nani alichomeka?"

Mama yako akajibu kutoka mlangoni, "Mimi, wifi."

Wote wakanigeukia mimi. Zamu ya kusema ilikuwa yangu. Na mimi nikasema, huku nainuka na kujipangusa magoti, "Nilimwambia asubiri nirudi."

Maneno matatu. Mama yako akanitazama. Nilidhani atabisha, nikawa nimeshatayarisha sauti ya kumkatiza. Hakubisha. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, kisha akavitazama vidole vyake. Nami nikalichukua lile jicho lake nikaliona ni nafuu kwangu.

Bibi alilazwa. Alipata oksijeni, alipata kila kitu walichoweza kumpa, na siku ya tisa akafariki. Daktari alituambia mapafu yalikuwa yamefika mwisho, kwamba hata bila tukio lile hakuwa na muda mrefu. Huenda ni kweli. Siku zile tatu za kukaa bila hewa na ule moshi wa mwisho vilimpunguzia kiasi gani, sijui. Miaka minane nimelitumia hilo "sijui" kujifariji, mtu mzima mimi, niliyeshindwa kulitamka siku moja tu nilipotakiwa kulitamka.

Msibani wanawake wa ukoo wetu hawakula alichopika mama yako. Ulikuwa mdogo, labda hukuona. Aliivisha sufuria nzima ya wali, ikakaa pale mpaka ikapoa, wakapika nyingine. Mimi niliona. Nilikuwa nimekaa na wanaume, naiona ile sufuria, na nikaendelea kupokea pole za watu. Baada ya arobaini akafunga nguo zake akapanda kwao Mgeta. Ulirudi kutoka shule ukakuta kabati lake tupu. Ukaniuliza mama yuko wapi, nikakujibu ameamua kwenda kwao. Shangazi yako ndiye aliyekueleza yaliyobaki, kwa namna yake, nami sikumzuia.

Kuna na hili, na hili ni baya kuliko yote. Mjomba wako alikuja. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, unajua, na mjomba alikuja kwa heshima zote, akakaa kibarazani, akasema wanaomba mtoto akakae na mama yake, likizo atakuja kwa baba. Alikuwa na haki hiyo kwa mila yetu. Wazee wawili wa kwetu walikuwepo na walikuwa wanaelekea kukubali. Mimi nikasema, "Nimpe mtoto wangu mtu aliyemuua mama yangu kwa uzembe? Kesho atamchomekea nini huyu?"

Wazee wakainamisha vichwa. Mjomba wako akasimama, akavaa kofia yake, akasema, "Haya, shemeji." Hakurudi tena.

Kwa hiyo siwezi hata kukuambia kwamba nilisema uongo mmoja siku ya hofu, kisha nikanyamaza. Niliutumia. Niliutumia kukupata wewe. Chakula chote nilichokupikia, madaftari niliyokukagulia, zile safari za Jumamosi za kwenda dukani pamoja, vyote nilivipata kwa maneno yale. Nilikuwa baba mzuri kwako, naamini hivyo, na sehemu hiyo ndiyo inayonitia uchungu zaidi, maana nafasi ya kuwa mzuri niliichukua kutoka kwa mtu.

Ulipopata kipaimara, mama yako alikuja mpaka nje ya kanisa na kikapu cha matunda damu kutoka shambani kwao, ameyapanga moja moja juu ya majani ya mgomba. Ulimpita. Hukumwamkia. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na gauni jeupe, ukampita kama unavyopita nguzo. Akakiweka kikapu chini, akanitazama mimi. Jioni ile shangazi yako alikusifu kwa kuwa na msimamo. Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na miaka mitatu ya kujiandaa. Nilikunywa soda yangu.

Dukani umekuwa ukinicheka kwa kupima kila kitu. Mtu analeta chaja ya redio ya kawaida kabisa, mimi natoa kalipa, napima unene wa nje wa kichwa, napima tundu la ndani, naandika kwenye karatasi, natoa mita, naangalia chanya iko ndani au nje. "Baba, hii si unaona kabisa inaingia?" Nakujibu, "Mazoea tu." Wateja wengine wamenikimbia kwa kuchelewa kwangu. Wewe ukayachukua yale mazoea ukadhani ni ustadi wa baba yako. Uliwahi kumwambia mteja mmoja kwa majivuno, "Baba yangu habahatishi." Nilitoka nje nikasimama karibu na mtaro mpaka ulipomaliza kumhudumia.

Sasa huko unakokwenda utakutana na vichwa ambavyo hujawahi kuviona. Mashine zitakuja kutoka nchi kumi tofauti, nyingine bila kitabu, maandishi yamefutika. Hesabu pini. Tazama kibonyeo kiko wapi. Pima pete kwa kalipa, usikadirie kwa jicho. Tafuta ule mchoro mdogo unaoonyesha chanya iko wapi, na ukikosa mchoro fungua kasha uufuate waya kutoka kwenye soketi mpaka kwenye ubao, ujue ni upi unaokwenda hasi. Pima adapta kabla haijagusa mashine. Haya yote unayajua, nimekufundisha mwenyewe, na utafundishwa vizuri zaidi. Ila siku hiyo muuguzi atakuwa amesimama, ndugu wa mgonjwa wamesimama, mgonjwa anahema, na wote wanakutazama wewe kwa sababu umevaa koti la fundi. Mikono yako itajua la kufanya. Kinywa ndicho sina hakika nacho, maana una kinywa changu. Nimeshakusikia ukisema "naijua hii" kwa kitu ambacho nilikuwa na hakika hukijui. Nilisikia sauti yangu mwenyewe mle ndani, nikaogopa, nikanyamaza tena.

Lile jibu lako la mezani ndilo lililonipeleka Mgeta. Nilikuambia nakwenda Mlali kutengeneza redio ya mtu. Hakukuwa na redio. Nilipanda mpaka kwao, kule barabara inapoishia, kisha nikatembea kwa miguu. Nilimkuta mama yako kwenye shamba la ukoo wao, anachuma njegere kwenye tuta la juu. Amekonda. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Aliponiona hakushtuka wala hakukunja uso. Akauliza, "Yustina mzima?"

Nikasema, "Mzima. Amepata chuo."

"Nimesikia." Akaendelea kuchuma.

Nikamwambia nimekuja kwa habari ya ile mashine. Akasema, "Sema." Nikasema yote, nimesimama kwenye tuta la chini yake, nikamweleza pini za juu na pini za chini, nikamweleza kwamba sikuwa nimepima. Nilipofika kwenye lile neno nililosema mbele ya dada yangu, mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo hukuniambia nisubiri," akasema.

"Sikukuambia."

"Hata kwa haraka haraka, pale mlangoni, unatoka?"

"Sikukuambia, Koleta. Nilikuambia uchomeke."

Akakaa chini kwenye udongo, palepale. Njegere zikamwagika kutoka kwenye kanga. Akasema, "Basi sikuwa nimesahau."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza bila kunitazama. "Nilikuwa sijalala siku tatu. Uliposema vile mbele ya watu, ulisema bila kusita hata kidogo, nikajua labda ulisema kweli na mimi sikusikia. Nimeirudia ile asubuhi mpaka imeisha rangi. Siku nyingine nakusikia kabisa unaniambia nisubiri. Nimeungama kwa padri, Prospa. Nimeungama mara ngapi, kwamba kwa usingizi wangu nilimuua mama mkwe."

Yustina, mimi miaka yote nilidhani mama yako anajua ukweli na ananichukia. Nilikuwa nimeshaizoea chuki hiyo, nilikuwa nimeipangia mahali pake. Hakuwa akinichukia. Alikuwa ameniamini. Aliniamini kuliko alivyoamini masikio yake, na akajihukumu kwa neno langu. Na wewe ulipompita pale kanisani, aliona unastahili kumpita.

Nilitaka kumshika mkono anyanyuke. Akasema, "Usiniguse." Akanyanyuka mwenyewe, akaanza kuokota njegere moja moja. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Hilo uliweke kwanza, sina mahali pa kulitia leo." Kisha akauliza, "Mtoto umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie kwa mdomo. Kwa mdomo unajua kusema, mpaka anamaliza kukusikiliza anakuonea huruma wewe. Mwandikie. Uandike kama ulivyonisimulia hapa, na lile la mjomba uliandike pia. Uweke jina lako. Na ayasome kabla hajaondoka, si akiwa njiani peke yake."

Ndiyo maana unasoma karatasi hii badala ya kunisikia. Nimeandika kama alivyotaka. Mahali nilipojitetea nimepafuta kwa kalamu, labda pengine pamenipita.

Shangazi yako nilimweleza Jumapili baada ya misa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Marehemu ameshazikwa, na mwanamke ameshazoea kwao. Wewe unataka kumharibia mtoto safari?" Nikamwambia nitaandika. Akasema nikiandika nisikanyage kwake. Kwa hiyo leo akikuaga kwa machozi mengi kuliko ilivyo kawaida yake, ujue sababu. Usigombane naye kwa ajili yangu. Alipewa uongo na mdogo wake akaushika kwa nguvu zake zote, kama anavyoshika kila kitu.

Sikuombi unisamehe, na sisemi hivyo ili unisamehe haraka. Sijui utafanya nini na haya. Huenda utanyamaza mwaka, huenda utakata simu zangu. Chuo kimeshapangwa, na hakuna kitakachobadilika upande wangu hata ukichagua kutoniona. Likizo ikifika, kwa mjomba wako Mgeta kuna chumba chako. Nimekwenda kwake pia, siku ileile. Huyo hakunikaribisha ndani, alinisikilizia uani. Lakini chumba alisema kipo tangu mwaka ule alipokuja kukuomba.

Mama yako anateremka leo na lori la mboga, atalala kwa mdogo wake hapa mjini. Kesho saa kumi na moja asubuhi atakuwa stendi ya Msamvu, karibu na geti la mabasi ya Mbeya. Atavaa koti la kijani. Nakuambia koti kwa sababu nywele zake zimebadilika na naogopa usije ukampita tena kwa kutomtambua. Atakuwa na woga. Hajui uso utakaokuja nao, na hakuniruhusu nikuombee chochote kwa niaba yake. Alisema tu, "Mwambie nitakuwepo."

Mwanzoni nilipanga nije, nisimame mbali. Nimeacha. Nimeshakuaga kila asubuhi kwa miaka minane, kwenye mlango huu, asubuhi ambazo zilikuwa zake. Dereva wa bajaji wa jirani atakuchukua saa kumi na nusu alfajiri, nimeshaongea naye, atakubebea begi.

Ukirudi leo utaikuta barua hii juu ya mto wako. Mimi nitakuwa dukani, nitalala huko. Mlango wa duka hautafungwa kwa ndani, ukitaka kuja kuniuliza au kunitukana. Usipokuja, nitaelewa.

Kesho basi likianza kutembea, aliye chini ya dirisha lako awe ni yeye.

Nimeandika kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu, na hakuna aliyenisaidia kupanga maneno.

Prospa, baba yako.